Kuunda Programu Nyumbani: Historia ya Ufundi Mmoja, Itazamwapo kutoka Pwani ya Rumonge

Katika mji wa Rumonge, ulioko kusini ya Bujumbura kwa mwendo wa kilomita 70 na ushei juu ya barabara inayofuata ukingo wa Ziwa Tanganyika, mkulima mwenye michikichi huwa na hiari mbili yaivapo mavuno yake: ama huviuza vichala vikiwa vibichi, akarudi dukani baadaye kununua mafuta yaliyokwisha kutiwa chupani, ama hupeleka chikichi zake kwenye mashine ndogo ya kukamulia iliyo jirani, akasimama kando ya pipa, akayaona mawese yakitoka, akajua kwa yakini kilichoingia na kilichoachwa. Watu wanaotumia kompyuta zenye mfumo wa Linux wana hiari mbili za jinsi hiyohiyo, na historia ya hiari ya pili, ile ya kujikamulia mwenyewe, ndiyo niliyokusudia kuieleza hapa.

Programu ya kompyuta, kabla haijawa kitu cha kubonyezwa, ni maandishi: mistari maelfu kwa maelfu iliyotungwa na binadamu kwa lugha ambayo binadamu mwenzake mwenye elimu hiyo aweza kuisoma, kuikosoa na kuirekebisha. Maandishi hayo huitwa msimbo. Na kwa kuwa mashine haiyafahamu, sharti yapitishwe katika programu nyingine, kompaila, iyageuze kuwa amri ambazo mashine yaweza kuzitii. Aghalabu mtumiaji hupewa tokeo la kazi hiyo likiwa limefungwa katika kifurushi, naye hukifungua, akakitumia, asiulize zaidi. Wala simlaumu, maana siku ni fupi na shughuli ni nyingi. Walakini kuunda programu nyumbani, yaani kuuchukua msimbo, kuugeuza juu ya kompyuta yako mwenyewe, kisha kukifunga kifurushi chako mwenyewe, ni haki iliyopatikana kwa juhudi za watu wanaojulikana kwa majina, katika miaka inayojulikana. Na rai yangu ni kwamba haki hiyo ina thamani kubwa zaidi kwa pwani kama yetu kuliko kwa miji mikuu ilikozaliwa, kwa sababu yako mambo ambayo hakuna mtu wa mbali atakayetuundia.

Ufundi wenyewe ni mkongwe kuliko Linux. Katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuujenga mfumo wa Unix mwaka 1969, na ambako Ritchie aliitunga lugha ya C miaka michache baadaye, waandishi wa programu walilazimika kukumbuka kwa vichwa vyao ni faili ipi waliyoibadili na ni ipi inayohitaji kugeuzwa upya. Mwaka 1976 Steve Johnson aliingia chumbani mwa mwenzake Stuart Feldman akifoka kwa hasira, kwa kuwa alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo kwa hakika alikuwa amekwisha kulisahihisha, ila faili iliyosahihishwa haikuwa imegeuzwa upya, na mashine ilikuwa ikiendelea kutumia ile ya kale. Feldman, ambaye naye alikuwa ameionja adha hiyo, aliandika katika mapumziko ya mwisho wa juma programu ndogo aliyoiita make. Kanuni yake ni nyepesi: huzitazama tarehe za faili, na pale inapokuta maandishi yaliyobadilishwa baada ya tokeo lake kuundwa, huliunda tokeo hilo upya, na yasiyobadilika huyaacha kama yalivyo. Kanuni hiyo nitairudia mbele, maana ina habari yake huku kwetu.

Hata kasoro ya make ina historia inayostahili kuhifadhiwa. Feldman alikuwa ameweka sharti kwamba mistari ya amri ianze na alama ya tabo, isiyoonekana kwa macho na yenye kuwahangaisha wanafunzi. Alipoiona kasoro hiyo alikuwa amekwisha kupata watumiaji kama dazani moja, wengi wao rafiki zake, naye hakutaka kuwaharibia kazi yao kwa kulibadili. Karibu nusu karne imepita, na dunia nzima ya waunda programu ingali ikilifuata sharti hilo kwa ajili ya hisani waliyofanyiwa wale dazani moja.

Ufundi ulikuwapo, kilichokosekana ni idhini. Kadiri kompyuta zilivyogeuka kuwa biashara, ndivyo kampuni zilivyoufungia msimbo makabatini na kuwauzia watu matokeo tu, hata mtu aliyekuwa na akili na wasaa wa kurekebisha programu iliyomkera hakupewa maandishi ya kurekebisha. Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya MIT, aliliona jambo hilo kuwa dhuluma baina ya jirani na jirani, na tarehe 27 Septemba 1983 akatangaza azma ya kuunda mfumo mzima, aliouita GNU, ambao msimbo wake ungekuwa wazi kwa kila mtu. Mwaka 1987 akaitoa kompaila ya GCC, chombo ambacho bila yake maneno yote ya kuunda nyumbani yangebaki ndoto, na mwaka 1989 leseni ya GPL, yenye sharti kwamba mwenye kumgawia mwenzake programu ampatie pia msimbo wake, na asimzuie kuubadili wala kuugawa zaidi. Mtu huyu hakuchukia biashara. Aliuza kanda zenye programu yake ya uandishi, Emacs, kwa dola 150, kwa kuwa hakuona aibu ya fundi kula kwa jasho lake. Alichokikataa ni kumwacha mnunuzi gizani.

Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliwaarifu wenzake kwamba anatengeneza kiini cha mfumo endeshi, kwa kujifurahisha tu, wala hakitakuwa kitu kikubwa. Leseni yake ya kwanza ilikataza biashara. Mwanzoni mwa 1992 akaibadili, akakiweka kiini hicho chini ya GPL, na hapo kikakutana na zana za GNU, kikawa mfumo uliokamilika. Napenda kuwakumbusha watu wa pwani hii sadfa moja ambayo wengi wetu tumeisahau. Katika Januari ya mwaka huohuo wa 1992, mradi wa utafiti wa uvuvi wa Ziwa Tanganyika, ulioendeshwa na shirika la FAO na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Finland, ulianza kazi yake kamili, makao yake yakiwa Bujumbura; na wanasayansi wa Kifini wakaja kupima upepo, mawimbi na mwendo wa ndagala na mukeke katika maji yetu, wakishirikiana na watafiti wa nchi zote nne zinazolizunguka ziwa. Hivyo fedha za Finland na wanasayansi wake walifika kwenye ufuko wetu katika msimu uleule ambao kijana mmoja wa Helsinki alikuwa akiuachia ulimwengu kiini cha Linux. Mambo haya mawili hayakujuana, nami sidai kwamba yalijuana. Nayataja kwa sababu yanaonyesha jinsi umbali wa maili unavyoweza kuwa mfupi na umbali wa habari ukawa mrefu.

Maana habari ya Linux ilichelewa mno kutufikia, na sababu yake si uvivu wa watu wetu. Tarehe 16 Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Marekani, alitangaza Debian, mkusanyo wa Linux ambao ungesimamiwa na watu wa kujitolea kutoka kila upande. Na tarehe 21 Oktoba ya mwaka huohuo Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, vikafuata vita vya zaidi ya miaka kumi. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani zikatuwekea vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Kwa hiyo ile miaka ambayo vijana wa miji mingine walikuwa wakinakili diski za Linux na kufunzana kuunda programu, vijana wa Rumonge na Nyanza-Lac walikuwa wakivuka mpaka usiku kwenda kambi za Kigoma. Atakayeandika historia ya elimu ya kompyuta nchini Burundi asiipite miaka hiyo kwa haraka, maana ndiyo inayoeleza kwa nini tulianza nyuma.

Katika miaka hiyo, huko kwingine, ufundi ulikuwa ukipiga hatua kwa kusukumwa na taabu zake wenyewe. David MacKenzie alikuwa ameanza kuiandika autoconf mwaka 1991, ili msimbo mmoja uweze kuundwa juu ya mashine za aina nyingi: programu huja na hati iitwayo configure, ambayo huichunguza kompyuta, ikaangalia maktaba (yaani mafungu ya msimbo yanayotumiwa na programu nyingi) zilizopo na zilizokosekana, kisha ikaitengenezea make maagizo yanayoifaa mashine ile. Kutokea hapo amri tatu, yaani configure, kisha make, kisha make install, zikawa ndiyo ada ya kila muunda programu, naye kwa kawaida huyaweka matokeo yake katika saraka ya /usr/local, iliyotengwa kwa ajili ya vitu vilivyoundwa papo hapo na mwenye mashine.

Lakini amri ya tatu ilikuwa na ubaya wake. Ilizitawanya faili huku na huko bila kuacha kumbukumbu, na siku ambayo mtu alitaka kuiondoa programu au kuibadili kwa mpya, hakujua aanzie wapi. Na programu moja ikitegemea maktaba ambayo nayo yategemea maktaba nyingine, aliyeanza kazi asubuhi alijikuta magharibi hajaifikia ile aliyoikusudia. Ndipo vilipozaliwa vifurushi. Debian wakawa na dpkg, kampuni ya Red Hat ikaja na RPM mwaka 1995, na Machi 1999, katika Debian 2.1, ikatoka programu ya apt, ambayo huvitafuta vitegemezi vyote yenyewe na kuvileta. Kifurushi cha Debian ukikipasua utakuta vitu vitatu tu: faili ndogo yenye namba ya muundo wake, bunda la maelezo linalotaja jina, toleo na vitegemezi, na bunda la faili zenyewe zikiwa zimepangwa kila moja mahali pake. Mwaka 1996 Debian ilikuwa na vifurushi 474; ilipofika 2023 vilikuwa zaidi ya 64,000.

Wako walioikataa raha hiyo. Daniel Robbins alitoa Gentoo 1.0 mwaka 2002, mfumo ambao kwa asili yake kila programu huundwa juu ya kompyuta ya mwenyewe, na katika mwaka huohuo Judd Vinet akatoa Arch, ambamo mtu huandika maelekezo mafupi ya namna ya kuunda, na programu ya makepkg ikamfungia kifurushi. Lakini walio wengi, na kwa haki, walichukua vifurushi vilivyokwisha kuundwa. Tangu Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipoanzisha Ubuntu juu ya msingi wa Debian, diski zake zilitumwa bila malipo kwa posta kwa mwenye kuziomba, na mpango huo ukadumu hadi 2011.

Sasa tufike pale ambapo historia hii inaanza kusema Kiswahili. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanzoni mwa karne hii, ilianzishwa kazi iliyojulikana kwa jina la Kilinux, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden na kwa msaada wa shirika la Sida, nia yake ikiwa ni kuzifanya programu za msimbo wazi ziseme na watu wa Afrika Mashariki kwa lugha yao. Walianza na OpenOffice.org, programu ya kuandikia barua, kupigia hesabu za majedwali na mengineyo, ambayo kampuni ya Sun ilikuwa imeuachilia msimbo wake mwaka 2000. Desemba 2004 wakaitoa ikiwa katika Kiswahili, nayo wakaiita Jambo OpenOffice.

Wengi waliosikia habari hiyo walidhani kazi yote ilikuwa ya kamusi, na kweli kazi ya istilahi ilikuwa nzito. Ila nataka msomaji autazame upande mwingine, upande wa karakana. Maneno ya OpenOffice, katika matoleo yale ya kwanza, hayakuwa orodha iliyowekwa pembeni ambayo mtu angeweza kuibadili kama anavyobadili karatasi ya bei. Yalikuwa yameingia ndani ya programu, na ili tafsiri ionekane kwenye kioo sharti iingizwe katika msimbo, kisha programu nzima, mojawapo ya programu kubwa kabisa za msimbo wazi za zama zile, iundwe upya. Kuunda kwenyewe ni kazi ya saa nyingi na ya diski kubwa. Hebu fikiri: mtafsiri ameandika neno, neno limezidi upana wa kitufe, au limekosewa herufi moja, na ili aone marekebisho yake mahali pake, lazima mashine ikeshe ikifanya kazi. Lau msimbo ule ungalikuwa umefungiwa, hakuna profesa wala mfadhili ambaye angeweza kuifanya kazi ile pasipo kupiga magoti kwenye mlango wa kampuni. Na kampuni kubwa huhesabu kwanza wanunuzi. Kwa insafu, kampuni za programu za kufungwa nazo zilikuja baadaye na Kiswahili chao. Lakini waliotangulia ni wale walioshika msimbo mikononi, wakauunda kwenye mashine zao.

Sitaki kuficha kwamba Kilinux haikuenea kama ilivyostahili, na kwamba ofisi nyingi za Afrika Mashariki ziliendelea kutumia programu za Kiingereza, na huku kwetu za Kifaransa. Ila thamani ya jambo haipimwi kwa wingi wa walioliitikia siku ile. Sisi Waswahili wa Burundi, tuliorithi lugha hii kwa misafara ya Ujiji, kwa soko la samaki, kwa msikiti, na kwa miaka ya ukimbizi upande wa Tanzania, tulikuta mlango umekwisha kufunguliwa na ndugu zetu wa Dar es Salaam kabla nchi yetu haijaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007.

Nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa na Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, Burundi isiyo na bahari ikalazimika kuipata neema hiyo kwa njia ya nchi kavu, kupitia Rwanda na Tanzania. Kabla yake kila herufi ilipanda angani kwa setilaiti na kushuka kwa bei ya kuumiza. Mambo sasa ni mepesi zaidi. Hata hivyo megabaiti bado ni kitu cha kuhesabiwa, na hapo ndipo linapozuka swali ambalo mafundi wa miji yenye neema hawana sababu ya kujiuliza: kwa mtu wa Rumonge, kuunda nyumbani kunapunguza gharama au kunaongeza?

Jibu lina pande mbili. Mwenye msimbo wa programu uliohifadhiwa kwa git, chombo alichokitunga Torvalds huyohuyo mwaka 2005, akitaka toleo jipya haleti programu nzima. Huleta mistari iliyobadilika tu, ambayo pengine ni kilobaiti chache, na mashine yake ikafanya yaliyobaki. Mwenye kutegemea kifurushi huleta kifurushi kizima. Kwa hiyo muundaji huweka akiba ya mtandao. Lakini akiba hiyo huilipia kwa umeme, kwa kuwa kompaila huifanya mashine ichemke kwa dakika au kwa saa. Na katika nchi ambayo takriban sehemu moja tu ya kumi ya watu wamefikiwa na umeme, umeme nao si kitu cha kutupwa. Mizani huelemea huku au kule kwa kadiri ya ukubwa wa programu. Programu ndogo ya hesabu za duka au ya kamusi huundwa kwa dakika chache, na faida ni dhahiri. Lakini kujaribu kuunda kivinjari kikubwa cha intaneti kwenye kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili ni kujitafutia mashaka, nami namshauri kijana asifanye hivyo, achukue kifurushi kilichokwisha kuundwa.

Hapa ndipo kanuni ya Feldman inapotufaa kwa namna ambayo mwenyewe, katika jengo lisilokatika taa, huenda hakuifikiria. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mwenye kuunda kwa make hapotezi kazi yote. Ukirejea, huitoa amri ileile, nayo make hutazama tarehe, ikaziacha faili zilizokwisha kugeuzwa, na kuendelea kuanzia pale ilipokatishwa. Lakini uko mtego wa kutahadhari nao. Faili iliyokuwa ikiandikwa wakati taa zinazimika yaweza kubaki nusu, au tupu kabisa, na bado ikawa na tarehe mpya. Make ikiiona hudhani imekamilika, ikaipita, na kazi ikaharibika mwishoni kwa kosa lisiloeleweka. Fundi mwenye hekima huzitafuta faili za mwisho kuandikwa kabla umeme haujakatika, akazifuta, ndipo akaendelea. Mtego wa pili ni wa kompyuta kuukuu, ambazo zimejaa katika miji yetu: betri yake ndogo ya saa ikifa, kila iwashwapo hurudi katika mwaka wa nyuma, na make, ambayo haina kipimo kingine isipokuwa tarehe, huanza kuunda upya yasiyohitaji au kuyaacha yanayohitaji. Mwenye mashine ya jinsi hiyo na airekebishe saa kwanza, kisha ndipo aunde. Vitabu vya ufundi vilivyoandikwa ughaibuni hulitaja jambo hili kwa mstari mmoja. Kwetu lingestahili ukurasa.

Wala tusidhani kwamba kuunda nyumbani ni shauku ya wapenzi wa kompyuta peke yao. R, lugha ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland na kuwekwa chini ya GPL mwaka 1995, ndiyo inayotumiwa leo na watafiti wengi wa samaki na maji duniani. Hazina kuu ya nyongeza zake, CRAN, huwapa watumiaji wa Windows na wa Mac vifurushi vilivyokwisha kugeuzwa. Mtumiaji wa Linux hupewa msimbo, na kila nyongeza aichukuayo humo huundwa papo hapo kwenye kompyuta yake. Hivyo mtafiti anayetaka kuzipigia hesabu takwimu za ndagala wa Rumonge kwa Linux aghalabu ni muunda programu, apende asipende, na kompaila ikikosekana kwenye mashine yake nyongeza nyingi haziundiki.

Liko jambo la amana, ambalo ni zito kuliko megabaiti na umeme. Ken Thompson, katika hotuba aliyoitoa alipopewa tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, alionyesha kwamba kompaila iliyotiwa sumu inaweza kuingiza hila katika kila inachokiunda, hata kama msimbo wenyewe ni safi. Kwa miaka mingi onyo lile lilisomwa kama fumbo la wataalamu. Kisha, tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliutangazia ulimwengu kwamba alichunguza kwa nini kuingia kwenye mashine kwa ssh kulikawia kama nusu ya sekunde, akagundua kwamba ndani ya xz, programu ya kubana faili iliyomo karibu katika kila Linux, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ulikuwa umewekwa mlango wa siri. Mtu aliyetumia jina la Jia Tan alikuwa amejenga imani ya wenzake kwa muda wa zaidi ya miaka miwili hata akakabidhiwa utunzaji wa programu ile. Na lililo kubwa kwa habari yetu ni pahala alipouficha mtego: kipande cha kuuamsha hakikuwamo katika daftari la wazi la mabadiliko ya msimbo, kilikuwamo katika bunda walilopewa waundaji, na kiliamka pale tu kilipotambua kwamba kinachoundwa ni kifurushi cha Debian au cha RPM. Basi aliyeshambuliwa ni kazi yenyewe ya kuunda.

Walio na imani haba husema: ikiwa ni hivyo, tuwaachie wakubwa. Mimi naliona kinyume chake. Tangu 2013 watu wa Debian wamekuwa wakijitahidi kuhakikisha kwamba msimbo uleule, ukiundwa na watu wawili katika nchi mbili, utoe kifurushi kilekile kisichotofautiana hata kwa biti moja. Na pale jambo hilo lilipotimia, mwanafunzi wa Rumonge mwenye kompyuta moja aweza kuunda, akalinganisha tokeo lake na lile lililotolewa Ulaya, na yakitofautiana akapiga mbiu ya hatari. Idadi ya walinzi wa namna hiyo ikizidi, na makazi yao yakitawanyika, ndivyo mwizi anavyopata tabu.

Na iko kazi iliyo tayari, inayotungoja, ambayo haihitaji mfadhili. Ndani ya glibc, maktaba ambayo juu yake husimama karibu programu zote za Linux, zimo faili zinazoieleza mashine desturi za kila nchi: majina ya siku na miezi, namna ya kuandika tarehe, fedha, namba za simu. Kiswahili kimo humo cha Tanzania na cha Kenya, navyo hutambulika kwa alama za sw_TZ na sw_KE. Mfanyabiashara wa samaki wa Rumonge akichagua cha Tanzania hupata Jumatatu na Jumanne zake sawasawa, lakini hupata pia shilingi, zenye tarakimu mbili baada ya nukta; ilhali faranga ya Burundi, yenye alama ya BIF, kwa kanuni ya kimataifa haina tarakimu hata moja baada ya nukta, na msimbo wetu wa simu ni 257, si 255. Kinachotakiwa ni faili moja ya maandishi, sw_BI, ambayo sehemu ya siku na miezi itaamriwa kunakili ile ya Tanzania kama ilivyo, na sehemu za fedha, anwani na simu zitaandikwa kwa ajili yetu. Faili hiyo hugeuzwa kwa amri ya localedef kwa muda wa sekunde chache, hata umeme uwe wa paneli ndogo ya jua. Ikijaribiwa na kuonekana ni sahihi, hufungwa katika kifurushi kwa dpkg-deb, ikachukuliwa kwa flashi hadi Nyanza-Lac, Bujumbura na Makamba, bila kugusa mtandao. Kisha na itumwe kwa watunzaji wa glibc wenyewe, ambao hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti.